Mkojo Ulikwenda Wapi?

Kila anayenilalamikia harufu ya paka au mbwa ndani ya nyumba huanza kwa kunitajia dawa alizonunua. Nimepuliza hii, nimemwaga ile, nimesugua mpaka mkono umekufa ganzi, na bado panatoa uvundo. Mimi huuliza jambo moja: mkojo ulikwenda wapi? Wengi hunitazama kana kwamba nimewauliza swali la chekechea. Ulikwenda pale, wananijibu, kidole kikielekea kwenye doa. Lakini pale ndipo ulipoangukia tu. Ulikokwenda ni habari nyingine, na habari hiyo ndiyo inayoamua kama harufu itatoka au wewe ndiye utakayehama chumba.

Tuanze na kiasi. Mbwa au paka mwenye afya hutoa takriban mililita 20 hadi 40 za mkojo kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mbwa wa kilo 20, basi, ana kati ya mililita 400 na 800 za kugawa kutwa nzima, na akizigawa mara tatu au nne kila mkupuo ni karibu nusu bilauri hadi bilauri nzima. Kiasi hicho hakikai juu ya zulia kikikusubiri. Hushuka kwenye nyuzi, hupenya kitambaa cha nyuma, hutandaa ndani ya sponji ya chini, na kikigonga sakafu hutambaa pande zote. Doa la juu likiwa na upana wa kiganja, la chini huweza kuwa na upana wa sinia. Sasa mtu anachukua chupa ya kupulizia, anabonyeza mara tano sita, anatoa matone machache yanayolowesha ncha za nyuzi, kisha anatangaza kwamba dawa ni feki. Dawa huenda ni nzuri kabisa. Haijakutana na mkojo, basi.

Ndiyo maana sina subira na vipulizo vya manukato. Ni funika kombe mwanaharamu apite. Unapata mchanganyiko wa waridi na mkojo, ambao kwangu mimi ni mbaya kuliko mkojo peke yake, na mnyama mwenyewe hadanganyiki hata kidogo. Yeye bado anasoma pale chini kwamba hapa ni msalani.

Kuna tatizo jingine linalotangulia yote: pua ya mwenye nyumba haifai kuwa shahidi. Ubongo ukikaa na harufu ileile kwa muda huacha kuitolea taarifa, na si uchafu wa mtu wala uzembe, ndivyo tulivyoumbwa. Nimeishi na paka na mbwa miaka mingi, na sijiamini hata chembe kuhusu nyumba yangu mwenyewe. Za wenzangu nazinusa vizuri sana, na jamaa wamezoea kuniita niwanusie, kazi ambayo siwezi kuitaja mbele ya wakwe. Kwako mwenyewe, toka nje kwa saa kadhaa, urudi, na uamini pumzi mbili tatu za kwanza tu. Au tafuta mgeni asiye na haya. Watoto wa watu ni wazuri kwa kazi hii.

Ukishajua kwamba kuna harufu, bado hujui iko wapi, na hapa watu wengi hukata tamaa mapema na kuosha zulia zima bila sababu. Tochi ya mionzi ya urujuanimno, ile yenye mwanga wa nanomita 365 hadi 395, husaidia sana. Zima taa, funga mapazia, subiri macho yazoee giza, kisha mulika polepole ukiwa karibu na sakafu. Mkojo uliokauka huwaka kwa rangi ya manjano iliyofifia, wakati mwingine yenye ukijani. Lakini usishangilie kila kinachowaka. Sabuni nyingi za kufulia zina vitu vya kung'arisha nguo ambavyo navyo huwaka chini ya mionzi hiyo, kwa hiyo mabaki ya sabuni, na madoa ya vinywaji fulani, yanaweza kukupoteza. Weka alama kwa chaki au utepe wa karatasi wenye gundi kuzunguka kila doa, washa taa, kisha piga magoti unuse moja baada ya jingine. Haina heshima, lakini sijaona njia nyingine ya kuthibitisha. Na usiangalie sakafu pekee: paka dume anayetia alama husimama, mkia juu ukitetemeka, akapuliza mkojo ukutani, kwenye ubavu wa kochi, kwenye pindo la pazia. Mkojo huo hutiririka hadi nyuma ya ubao wa pembeni mwa ukuta, mahali ambapo hakuna mopu inayofika.

Sasa, ni nini hasa kinachonuka? Mkojo mbichi hauna uvundo mkali. Sehemu kubwa ni maji, na humo mna chumvi, rangi, homoni, na yurea, yaani taka inayobaki mwili ukishatumia protini. Yurea yenyewe haina harufu ya kusema. Ndiyo ileile ambayo mkemia Mjerumani Friedrich Wöhler aliipata maabara mwaka 1828, akamwandikia mwalimu wake Berzelius kwa furaha kwamba ameweza kuitengeneza bila figo, iwe ya mtu au ya mbwa. Shida huanza bakteria wanapoifikia. Wana kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha mabadiliko ya kemikali, kinachoitwa yurease, ambacho huikata yurea ikatoa amonia, na amonia ndiyo ile inayokuchoma puani. Kwa njia, yurease ndiyo kimeng'enya cha kwanza duniani kufanywa fuwele, kazi ya James Sumner mwaka 1926, mtu aliyekuwa na mkono mmoja na ambaye wenzake walimbishia kwa miaka kabla hajapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1946. Ninachotaka ukishike hapo ni kwamba bakteria wanahitaji muda. Mkojo uliofikiwa ndani ya saa moja ni kazi ya taulo na maji, ilhali wa juzi tayari ni karakana ya kemia.

Paka ni habari ya peke yake. Asili yake ni paka-mwitu wa nchi kame, na figo zake zimeumbwa kubana maji, kwa hiyo mkojo wake ni mzito kuliko wa mbwa. Tena ana kitu kinachoitwa felinini, hasa dume ambaye hajahasiwa. Mwaka 2006 watafiti wa Japani wakiongozwa na Masao Miyazaki walionyesha kwamba kuna protini kwenye mkojo wa paka, kauksini, inayosimamia utengenezaji wa felinini hiyo. Felinini nayo haina harufu ikiwa mbichi. Ikikaa, huvunjika na kutoa misombo yenye salfa, na hiyo ndiyo harufu ya paka dume ambayo ukiijua huisahau. Kwa hiyo kwenye doa la paka unapambana na vitu viwili tofauti: amonia, inayoruka hewani na kupungua ukifungua madirisha, na salfa, inayokaa palepale na kunusika hata ikiwa kidogo mno. Anayemwaga siki akaona harufu imepungua nusu kisha ikakwama, ameondoa ya kwanza akaiacha ya pili.

Mitandaoni utasoma kwamba mkosaji mkuu ni fuwele za asidi ya yuriki. Nina shaka na msisitizo huo. Mbwa na paka, kama mamalia wengi, wana kimeng'enya kinachoigeuza asidi hiyo kuwa alantoini, ambayo huyeyuka majini vizuri zaidi. Sisi binadamu ndio tuliokipoteza, na ndiyo maana jongo ni ugonjwa wetu. Mbwa aina ya Dalmatian ndiye wa kipekee, mkojo wake una asidi ya yuriki kwa wingi. Kwa wengine, harufu inayoamka siku za unyevunyevu nadhani inaelezeka vizuri zaidi na chumvi zilizokaukia chini: zinanyonya maji kutoka hewani, bakteria wanapata nafuu, na kila kilichokuwa kimelala kinapanda tena.

Kwa mkojo mbichi sina maneno mengi. Usisugue. Kusugua kunausukuma chini na pembeni, na kunavuruga nyuzi. Weka taulo kuukuu au karatasi nyingi, simama juu yake kwa uzito wako wote, badilisha taulo, simama tena, mpaka taulo litoke karibu kavu. Mimina maji baridi kiasi kinachokaribiana na mkojo wenyewe, kisha nyonya tena vilevile. Mwenye mashine ya kufyonza maji aitumie hapa, itafanya vizuri kuliko miguu. Maji ya moto yaache, na mashine ya mvuke iache kabisa, kwa kuwa joto hugandisha protini kwenye nyuzi na kuisambaza harufu nyumba nzima. Nimewahi kuingia chumba kilichotoka kupigwa mvuke juu ya doa la siku nyingi, na sina hamu ya kurudia.

Doa la zamani ndilo linalotaka akili, na hapa ndipo ninapowatetea vimeng'enya. Dawa nyingi zinazouzwa kwa ajili ya wanyama huwa na vimeng'enya vyenyewe, au mbegu za bakteria wasio na madhara wa jamii ya Bacillus ambao wakipata unyevu huamka na kutengeneza vimeng'enya vyao. Kazi yao ni kukata protini, mafuta na vitu vingine vya mkojo vipande vipande, vikawa vitu visivyo na harufu au vinavyoruka na kwisha. Kazi hiyo hufanyika ndani ya maji tu. Pakikauka, imesimama. Ndiyo sababu mtu anayepuliza kidogo, akasubiri dakika kumi, akafuta, hapati chochote.

Ninavyofanya mimi ni hivi. Kwanza nasuuza mahali pale kwa maji matupu na kunyonya, ili kuondoa mabaki ya sabuni au dawa nyingine zilizotangulia, maana dawa ya kuua vijidudu haichagui, itawaua na hawa bakteria uliowalipia. Halafu namimina, simaanishi kupuliza, dawa ya kutosha kufika kule mkojo ulikofika, nikianzia nje ya mpaka wa alama na kuelekea katikati. Nafunika kwa karatasi ya nailoni ili pasikauke, naweka kiti juu yake kuzuia miguu ya watu, na naacha usiku kucha au zaidi. Kisha nafunua, nanyonya, naacha pakauke penyewe kwa feni na madirisha wazi. Mara nyingi harufu huzidi siku ya kwanza. Wengi huogopa hapo na kumwaga kitu kingine juu yake, wakaharibu kila kitu. Subiri pakauke kabisa ndipo uhukumu. Doa la miezi linaweza kutaka kurudiwa, na hilo si dalili ya kushindwa.

Kwenye kochi, ugumu ni kwamba sponji ya ndani ni nene na dawa ikimiminwa juu hutelezea pembeni. Kama mto una zipu, vua kitambaa, fua peke yake, na iloweke sponji yenyewe ndani ya beseni la dawa, uibane na kuiachia kama unavyofua, kisha uikaushe kwenye hewa hadi katikati. Kama hauna zipu, bomba la sindano kubwa, lile lisilo la hospitali bali la kulishia wanyama dawa, hufikisha dawa ndani kupitia mishono. Godoro ni gumu zaidi, kwa kuwa huwezi kulilowesha sana bila kukaribisha ukungu. Hapo natumia dawa kidogo kidogo kwa mizunguko kadhaa, nikilisimamisha wima na kulianika kila baada ya mzunguko. Jua kali ni msaada wa kweli, hukausha upesi na mionzi yake huua bakteria wa juu, lakini halifiki katikati ya sponji.

Tahadhari moja kuhusu vimeng'enya ambayo chupa huiandika kwa herufi ndogo: sufu na hariri ni protini. Kimeng'enya cha kukata protini hakijui tofauti kati ya mabaki ya mkojo na zulia la sufu la thamani. Kwa vitambaa hivyo tumia maji baridi, siki iliyozimuliwa, na subira, au mpelekee mtu anayesafisha mazulia kwa kazi. Na kama rangi ya zulia imebadilika pale palipolowa, hilo si doa tena. Mkojo umeila rangi, na hakuna kisafishaji kitakachoirudisha.

Nije kwenye tiba za jikoni, ambazo kila mtu ana yake. Siki ni asidi, amonia ni besi, zikikutana zinatoa chumvi isiyoruka hewani. Kwa hiyo siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu ina kazi halali dhidi ya amonia. Bikabonati, yaani ile soda ya kuumulia keki, ina kazi halali mahali pengine: harufu ya matapishi hutokana kwa sehemu na asidi za mafuta kama ile ya siagi iliyochacha, na bikabonati huzigeuza chumvi zisizonuka. Nyunyiza, acha ikauke, fyonza. Ninachoshindwa kuelewa ni mapenzi ya watu ya kuzimwaga zote mbili kwa pamoja ili zitoe povu. Povu lile ni kaboni dioksidi inayotoka baada ya siki na soda kumalizana zenyewe kwa zenyewe. Kinachobaki ni maji yenye chumvi kidogo. Linapendeza kutazama, na nadhani hapo ndipo umaarufu wake ulipotokea.

Kwa ile salfa ya paka, silaha yangu ni haidrojeni peroksidi ya asilimia 3, ile ya duka la dawa. Sababu yake nimeipenda tangu nilipoisoma: mkemia wa Marekani, Paul Krebaum, alikuwa akihangaika na harufu za salfa kazini kwake, akaona kwamba peroksidi yenye ualkali kidogo huzigeuza kuwa misombo isiyonuka. Mwaka 1993 mchanganyiko wake ukachapishwa katika jarida la Chemical & Engineering News kama dawa ya kuoshea mbwa aliyepuliziwa na kicheche wa Marekani, ambaye silaha yake nayo ni salfa. Ni karibu lita 1 ya peroksidi ya asilimia 3, mililita 60 za bikabonati, na kijiko kimoja au viwili vidogo vya sabuni ya maji. Hutumika palepale ukiwa umechanganya. Usiuhifadhi ndani ya chupa iliyofungwa, maana unatoa oksijeni na chupa itapasuka. Kwenye sakafu ya vigae au zege, mchanganyiko huu ni wa ajabu. Kwenye zulia la rangi, jaribu kwanza kona isiyoonekana, kwa kuwa peroksidi hupausha. Na usiutumie siku moja na vimeng'enya mahali pamoja, utawaunguza. Ama vimeng'enya kwanza mpaka vimalize, au peroksidi peke yake. Peroksidi na siki pia zisikae chombo kimoja, huzaa asidi kali inayochoma ngozi na mapafu.

Hapo nimegusa jambo ambalo silifanyii mzaha. Klorini, ile ya kupaushia nguo ambayo wengi huiita jiki, isimwagwe juu ya mkojo. Ikikutana na amonia hutoa gesi za kloramini zinazochoma macho na mapafu, na mwenye pumu anaweza kuishia hospitali. Ikikutana na siki hutoa gesi ya klorini yenyewe. Ina mahali pake: kama mbwa aliugua parvo, ugonjwa hatari wa virusi vya tumbo, sakafu ngumu iliyokwisha kuoshwa na kusuuzwa vizuri hupakwa sehemu 1 ya klorini kwa sehemu 32 za maji na kuachwa kwa dakika 10. Harufu si kazi yake. Visafishaji vyenye amonia, kama vile vingi vya vioo, ni upumbavu wa aina nyingine: unamwachia mnyama ujumbe uleule uliotaka kuufuta.

Kuna pia dawa za kuua vijidudu zinazogeuka nyeupe kama maziwa ukizitia majini. Nyingi zina fenoli au mafuta ya misonobari, na ini la paka halina uwezo wa kuzivunja kama letu. Paka hukanyaga, hulamba nyayo, na sumu imeingia. Mafuta ya kunukia yaliyokolea, hasa yale yanayoitwa ya mti wa chai (tea tree), ni vivyo hivyo. Nyumba yenye paka haivihitaji vitu hivi.

Vipi kuhusu vitu visivyo kitambaa? Vigae vyenyewe si tatizo. Mistari ya saruji kati ya vigae ndiyo inayonyonya, na ndiyo ya kuloweshwa. Zege tupu lina vinyweleo na linaweza kunywa mkojo kwa kina kuliko unavyofikiri. Linataka dawa nyingi, kurudiwa, kukauka kwa siku kadhaa, kisha kuzibwa kwa rangi ya msingi. Ile yenye shelaki, ulimbo utokanao na wadudu, ndiyo ninayoiamini, kwa sababu huifungia harufu chini kweli kweli. Mbao zilizopigwa vanishi huwa salama mpaka vanishi ipasuke. Mkojo ukiingia kati ya mbao na kuacha weusi, itabidi zipigwe msasa, na weusi ukiwa umeshuka sana, kubadilisha mbao mbili tatu ni nafuu kuliko kuhangaika nao mwaka mzima.

Na kuna wakati wa kukata tamaa kwa heshima. Sponji ya chini ya zulia iliyokojolewa mara nyingi mahali pamoja haioshwi, hutupwa. Kunja zulia, kata kipande cha sponji, osha na uzibe sakafu, osha mgongo wa zulia, weka kipande kipya. Ni kazi ya siku moja, na nimeona ikimaliza harufu ambayo watu walipigana nayo kwa misimu. Watu huogopa kisu kuliko wanavyoogopa kununua chupa nyingine ya dawa.

Kinyesi na matapishi ni rahisi kuliko vinavyotisha, kwa kuwa vingi hukaa juu. Kwangua kwanza kwa kipande cha kadibodi, usipanguse. Kilicho laini sana kiache kigande kidogo, au ukinyunyizie bikabonati kikakamae. Halafu maji baridi, sabuni kidogo, na vimeng'enya kama kuna mabaki. Nyongo ya manjano wahi, inashika rangi haraka.

Doa likirudi baada ya kukauka, mara nyingi si uchawi wala mnyama amerudia. Unyevu wa chini ukipanda kukauka hubeba uchafu hadi ncha za nyuzi. Weka taulo nene na vitabu vizito juu yake wakati wa kukauka, uchafu utapandia kwenye taulo.

Haya yote ni bure kama hujui kwa nini mnyama alikojoa pale. Hapa ndipo ninapogombana na watu, kwa sababu wanapenda kusema paka ana kisasi. Paka hana mpango huo. Anayeanza ghafla kukojoa nje ya sanduku lake la mchanga apelekwe kwa daktari wa mifugo kabla ya kununua dawa ya zulia: uvimbe wa kibofu, mawe, kisukari, figo, vyote hujionyesha hivyo. Dume anayechuchumaa mara kwa mara, analia, na hatoi kitu, ni dharura ya saa ileile. Njia yake imeziba na anaweza kufa ndani ya siku chache. Daktari akisema ni mzima, angalia sanduku. Kanuni inayotumika ni masanduku sawa na idadi ya paka na moja la ziada, mahali patulivu, mbali na chakula, mchanga usio na manukato. Kinyesi kitolewe kila siku. Hilo la kila siku lina faida ya pili: vimelea vya toksoplazma, vinavyoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, vikitoka na kinyesi cha paka huhitaji siku 1 hadi 5 ndipo viweze kuambukiza. Mjamzito hata hivyo amwachie mtu mwingine kazi hiyo. Dume anayepuliza kuta ahasiwe. Wengi mno huacha.

Mbwa mdogo anayejikojolea akisalimiwa anaonyesha unyenyekevu, na ukimkaripia atakojoa zaidi. Kumsugua pua kwenye mkojo wake kunamfundisha jambo moja tu, kukuogopa, na baadaye atajificha nyuma ya kochi kukojoa, mahali pagumu zaidi kwako kufika. Mtoe nje akiamka, akimaliza kula, akimaliza kucheza, na umsifu pale pale anapomaliza.

Mbwa mzee ni kesi tofauti kabisa. Anavuja akiwa usingizini na hajui, hasa jike aliyefungwa kizazi, na daktari wa mifugo ana dawa zinazosaidia wengi wao. Wakati zikisubiriwa kufanya kazi, mfunikie kitanda chake kwa kitambaa kisichopitisha maji, juu yake weka shuka mbili za pamba za kubadilishana, na chini ya vyote mkeka wa mpira unaopanguswa. Shuka zifuliwe kila siku kwa sabuni yenye vimeng'enya, bila kilainisha nguo, kwa kuwa hicho huacha utando unaozuia kitambaa kunyonya. Pangusa pia manyoya ya mapaja na tumbo lake kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu, maana mara nyingi harufu inayotafutwa kwenye zulia iko kwenye mwili wa mbwa mwenyewe, na ngozi iliyolowa mkojo kutwa huchubuka upesi.